Maiki za masikioni, rekoda ya mkononi au maiki za stendi: urekodi onyesho kwa kipi?

Ukitaka kurekodi muziki ukiwa umekaa na watazamaji wenzako, njia zinazokujia kwanza ni tatu. Ya kwanza ni maiki mbili ndogo za kuvaa masikioni, zile wataalamu wanazoziita za binaurali: moja sikio la kushoto, moja la kulia, waya ukishuka hadi kwenye rekoda mfukoni. Ya pili ni rekoda ya mkononi yenye maiki zake mbili zilizojengewa kwa juu. Ya tatu ni jozi ya maiki zinazofungwa kwenye stendi kwa vipimo maalumu. Ipo pia ya nne, kuchota sauti moja kwa moja kwenye mixa (mtambo wa kuchanganyia sauti za onyesho), ila hiyo inategemea hisani ya fundi mitambo, kwa hiyo nitaigusa pale inapobidi tu.

Matangazo hayasaidii kuchagua, kwa sababu kila kifaa kinanadiwa kuwa kitakufanya ujisikie "kama uko pale pale". Tofauti huanza kuonekana ukijiuliza mambo matano. Rekodi itasikilizwa kwa hedifoni au kwa spika? Muziki wenyewe una sauti kubwa kiasi gani? Uko tayari kutulia kiasi gani? Ukumbi utakuruhusu kuweka nini, na wapi? Na onyesho likiisha, unataka kulifanyia nini lile faili? Nitazipitisha njia zote tatu kwenye maswali hayo hayo, ingawa hayana uzito sawa.

Hedifoni au spika?

Hili ndilo swali kubwa. Ningelianza nalo kabla hata ya kutazama bei.

Sisi hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha yale masikio mawili yanayopata. Sauti ya kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, ingawa tofauti hiyo ni ndogo mno: hata chanzo kikiwa ubavuni kabisa, ni kama milisekunde 0.7 tu. Kwa sauti nyembamba, kuanzia kama hezi 1,500 kwenda juu, kichwa chenyewe hukinga, na sikio la upande wa pili hupata sauti hafifu zaidi. Halafu mikunjo ya sikio huzibadilisha zile sauti za juu kabisa kulingana na zinakotoka, mbele, nyuma au juu. Maiki ya sikioni imekaa pale pale mambo haya yote matatu yanapotokea, kwa hiyo inayarekodi yote. Ukisikiliza kwa hedifoni, muziki hauishii katikati ya kichwa kama ilivyo kwa rekodi nyingi. Unatoka nje na kukaa mbele yako. Aliyekohoa safu ya nyuma anakohoa nyuma kweli. Chupa ikiviringika sakafuni upande wa kulia, msikilizaji anageuka kutazama.

Sharti lake ni kila sikio lipate sauti yake peke yake. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme jijini Paris, Clément Ader aliweka maiki za simu kwenye jukwaa la Opera, na wasikilizaji waliokuwa mbali na jumba hilo wakashika visikizi viwili, kimoja kwa kila sikio, wakawasikia waimbaji wakihama jukwaani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zaidi ya karne moja imepita na sharti ni lile lile. Ukiicheza rekodi hii kwenye spika, spika ya kushoto inasikika na masikio yote mawili, na sauti iliyokwisha kuzungushwa na kichwa chako inazungushwa tena na kichwa cha msikilizaji. Mwimbaji anarudi nyuma, mwangwi wa ukumbi unasogea mbele, na rangi ya sauti inabadilika. Haiwi takataka, wapo wanaozisikiliza garini wakaridhika, lakini kile hasa ulichokinunulia maiki hizo hakipo tena. Vichwa bandia vya studio, vyenye maiki ndani ya masikio yao, kama Neumann KU 100 vimesawazishwa kiwandani ili visikike vizuri hata kwenye spika; maiki za kuvaa kwa kawaida hazina huduma hiyo, kazi ya kusawazisha itakuwa yako.

Lipo jambo la pili ambalo wauzaji hulipita haraka. Masikio unayorekodia ni yako, si ya msikilizaji. Wewe mwenyewe utasikia kila kitu mahali pake. Rafiki yako mwenye masikio ya umbo tofauti huenda akalalamika kwamba bendi inapigia nyuma ya kisogo chake. Kushoto na kulia hakupotei. Mbele na nyuma ndiko kunakochanganya watu.

Rekoda ya mkononi hufanya kinyume. Kwenye rekoda nyingi, maiki zake mbili zimekaribiana hadi karibu kugusana, zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90, na nyingine zinaweza kupanuliwa hadi 120. Kwa kuwa ziko mahali pamoja, sauti huzifikia kwa wakati mmoja, na kinachotenganisha kushoto na kulia ni nguvu ya sauti tu. Kwenye spika inakaa imara, mwimbaji wa katikati anabaki katikati. Hata ikichezwa kwenye simu yenye spika moja, haipungukiwi sana. Kwenye hedifoni inasikika safi lakini nyembamba, imejibana ndani ya kichwa.

Jozi ya stendi inakaa katikati ya hizo mbili. Mpangilio maarufu ni ule wa shirika la zamani la redio na televisheni la Ufaransa, ORTF: maiki mbili zinazosikia zaidi mbele, umbali wa sentimita 17, zimefunguka kwa nyuzi 110. Sentimita 17 ni karibu sawa na umbali kati ya masikio mawili, kwa hiyo unapata kiasi fulani cha tofauti ya muda pamoja na tofauti ya nguvu. Kwa spika ni nzuri sana. Kwa hedifoni inapendeza, ingawa haitakuonyesha kilicho nyuma yako.

Tukiwa hapo hapo, tuwazungumzie watu wanaopiga soga. Maiki za masikioni husikia karibu pande zote, na kwa kawaida maiki inayosikia mbele unaweza kuirudisha nyuma mara 1.7 zaidi ya inayosikia pande zote bila kuongeza mwangwi wa ukumbi. Kwa hesabu hiyo maiki za masikioni zinapaswa kuwa mbaya zaidi kwa makelele ya watu. Kwenye spika, ndivyo ilivyo. Kwenye hedifoni mambo hugeuka: soga inasikika iko nyuma kushoto, muziki uko mbele, na ubongo unaiacha ile soga kama unavyoiacha ukiwa ukumbini. Hili ni la kujaribu mwenyewe kabla ya kuamua.

Sauti kubwa

Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Onyesho lenye mitambo mikubwa hufika 100 hadi 110. Katika kiwango hicho, kinachopasuka kwanza (yaani kuanza kukwaruza sauti) kwenye maiki ndogo za masikioni mara nyingi si rekoda bali kapsuli yenyewe, kile kipande cha maiki kinachopokea sauti. Kapsuli hizi hulishwa volti 2 hadi 5 tu kutoka kwenye tundu la maiki la rekoda, na umeme huo mdogo hauziachi zihimili besi nzito. Dawa yake inajulikana: kijisanduku cha betri ya volti 9 kati ya maiki na rekoda, kisha waya uingizwe kwenye tundu la laini (line, la kupokea sauti yenye nguvu zaidi), si la maiki. Vijisanduku vingine vina swichi ya kukata besi. Kwa kwaya isiyo na vipaza sauti, au gitaa moja na sauti ya mtu, huhitaji hayo yote. Tundu la maiki linatosha.

Watu wengi hudhani rekoda inayorekodi kwa biti 32 za nukta inayoelea (32-bit float), aina ya faili yenye nafasi kubwa sana ya viwango vya sauti, imemaliza tatizo hili. Imemaliza nusu yake. Faili halitapasuka, ni kweli. Lakini kapsuli ikishakwaruza, imekwaruza, na rekoda itahifadhi mkwaruzo huo kwa uaminifu mkubwa.

Maiki za rekoda ya mkononi hulishwa vizuri zaidi na nyingi huhimili onyesho la kawaida, mradi uzime kile kidhibiti cha otomatiki kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Kikiwashwa, wimbo ukipoa kinavuta makelele ya ukumbi juu, ngoma ikilia kinaukandamiza muziki wote. Weka kiwango kwa mkono, vilele vikiishia kama desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo, kisha uache. Maiki za stendi zenye kulishwa volti 48 ndizo zinazostahimili zaidi, na hapo hakuna mjadala mrefu.

Masikio yako nayo yahesabiwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu kumbi na matamasha, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kila kipimo cha dakika 15. Maiki iliyo sikioni si kinga. Baadhi ya miundo, ile inayoingia ndani ya tundu la sikio, inakuzuia hata kuvaa kizibo. Miundo inayokaa kwenye bakuli la sikio, nje ya tundu, inaacha nafasi ya kizibo cha sponji ndani, na mwelekeo wa sauti haupotei kwa sababu umeshakamilika sauti inapofika mlangoni mwa tundu. Kama unarekodi maonyesho ya sauti kubwa mara kwa mara, chagua muundo huo. Kwa rekoda na stendi suala hili halipo. Vaa vizibo vyako ufurahie.

Mwili wako

Hapa maiki za masikioni zinadai kuliko nyingine zote. Kichwa chako kimekuwa stendi. Ukigeuka kumtazama aliyekugusa bega, bendi nzima inahama kwenda upande mwingine wa rekodi, na msikilizaji, ambaye kichwa chake hakikugeuka, anasikia jukwaa likizunguka. Ukimeza mate, inasikika. Ukitafuna, ndiyo kabisa. Ukiimba pamoja na umati, sauti yako itamfunika mwimbaji. Na kwenye wimbo wa taratibu, kofi lako mwenyewe, lililopigwa chini ya kidevu chako, linakuwa sauti kubwa kuliko zote kwenye faili. Wazoefu hupiga makofi kwa kugusisha vidole tu.

Kuna na madogo madogo. Nywele zinazogusa kapsuli hukwaruza. Hereni ndefu hugonga. Waya unaosugua kola hutoa mngurumo unaofika moja kwa moja kwenye rekodi, kwa hiyo ubane kwa klipu kifuani na uuachie ulegee kidogo juu ya klipu. Kofia yenye ukingo mpana hurudisha sauti usoni na kubadilisha ile rangi ya sauti za juu. Nje penye upepo, vaa sponji juu ya kapsuli au usirekodi. Kabla ya wimbo wa kwanza, sugua vidole karibu na sikio la kushoto utazame ni kipimo kipi kinachopanda. Kwa kawaida alama nyekundu ni kulia. Zikibadilishana unaweza kuzigeuza baadaye kwenye programu, lakini ni lazima ujue kwamba zilibadilishana.

Rekoda ya mkononi ina adha yake moja: usiishike mkononi, licha ya jina. Kila kidole kinachosogea kinarekodiwa, na mkono uliochoka hushuka. Iweke juu ya kitripodi au ibane kwenye kitu kisichotikisika. Ukishafanya hivyo uko huru kucheza, kuimba, kwenda msalani. Stendi inakupa uhuru zaidi, ila lazima awepo mtu wa kuiangalia isije ikaangushwa.

Ukumbi na ruhusa

Maiki za masikioni zinaonekana kama spika za masikioni za kawaida, na ndiyo maana baadhi ya watu huzipenda kwa sababu isiyofaa. Kutoonekana si ruhusa. Muulize msanii au mwandaaji. Wengi wa ngazi ndogo hukubali, hasa ukiwaahidi nakala. Wapo waliolipanga jambo hili wazi: bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilitenga sehemu maalumu ya warekodi kwenye maonyesho yake mwaka 1984. Ukisharuhusiwa, faida halisi ya maiki za masikioni ni kwamba hazichukui nafasi wala hazimzibi mtu aliye nyuma.

Pa kukaa ni muhimu kuliko aina ya maiki. Kwenye onyesho la mitambo, kaa karibu na mixa, au mbele yake kidogo, katikati ya spika mbili kubwa, kwa sababu fundi mitambo anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale. Ukisogea hadi kwenye ukingo wa jukwaa utapata ngoma na ampu za gitaa za karibu, huku sauti ya mwimbaji ikitoka kwenye spika zilizo mbali ubavuni. Kwa muziki usiotumia mitambo, sogea karibu, ila si karibu mno hadi mpiga ala mmoja awafunike wenzake. Hapo stendi inashinda kwa jambo moja: inaweza kuinuliwa mita mbili na nusu, juu ya vichwa vya watu. Maiki za masikioni zinabaki kwenye urefu wa kichwa chako, na ukiwa umekaa nyuma ya mtu mrefu, sauti za juu zinaishia mgongoni mwake.

Baada ya onyesho

Saa moja ya stereo kwa biti 24 na hezi 48,000 ni kama gigabaiti moja, kwa njia zote tatu. Rekoda nyingi hukata faili zenyewe zikifika gigabaiti 2 au 4. Usishtuke, huunganishwa bila pengo.

Rekodi ya masikioni inataka kuguswa kidogo kabisa. Punguza makofi yaliyozidi, panga kiwango, basi. Ukiongeza mwangwi, ukapanua stereo au ukarekebisha kushoto na kulia kwa namna tofauti, unaharibu zile tofauti ndogo ndogo zinazobeba mahali. Rekodi ya rekoda au stendi inavumilia marekebisho mengi zaidi, na ndiyo rahisi kuiunganisha na sauti ya mixa. Muungano huo unastahili jitihada: mixa peke yake kwenye ukumbi mdogo hutoa sauti ya mwimbaji nyingi na gitaa kidogo, kwa kuwa ampu ya gitaa inajitosheleza jukwaani bila kupitia mixa, na watazamaji hawasikiki kabisa. Maiki zilizo ukumbini hujaza pengo hilo. Kumbuka tu kwamba sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo maiki iliyo mita 20 kutoka jukwaani huchelewa karibu milisekunde 58 nyuma ya mixa. Lazima uzilinganishe kabla ya kuzichanganya.

Kwa video, fikiria kwanza. Kamera ikiwa kwenye tripodi na masikio yako yakiwa viti sita pembeni, picha na sauti havikubaliani. Maiki za masikioni zinafaa video pale tu kamera ilipo karibu na uso wako na inapotazama unakotazama wewe.

Jingine la kukagua kabla ya kununua ni tundu. Tundu la hedifoni la simu, lile la plagi yenye migusano minne, lina nafasi ya maiki moja tu. Ukichomeka maiki za masikioni humo hupati stereo, na bila stereo hakuna chochote cha binaurali. Unahitaji rekoda yenye tundu la maiki la stereo linalotoa umeme, au kiunganishi cha USB cha stereo. Ipo miundo, kama Roland CS-10EM, yenye maiki na spika za masikioni pamoja. Ina plagi mbili, moja ya maiki, nyingine ya kusikilizia. Usizitumie zote kwa wakati mmoja kwa sauti ya juu, kwa kuwa maiki na spika zimekaa sikio moja na zinaweza kuanza kupiga mluzi.

Kwa hali yako

*Unarekodi kwa ajili yako mwenyewe na unasikiliza kwa hedifoni.* Maiki za masikioni, bila kusita. Masikio yaliyorekodi ndiyo yatakayosikiliza, na hakuna njia nyingine kati ya hizi itakayokurudisha kwenye kiti kile kile.

*Bendi imekuomba rekodi ya kuisambaza.* Stendi, na ukiweza, sauti ya mixa juu yake. Wasikilizaji watakuwa na kila aina ya spika, na huwezi kuwapangia.

*Unataka kucheza, kuimba na kupiga makofi.* Rekoda kwenye kitripodi, mbali kidogo na wewe. Kumwambia mtu wa kucheza atulie saa mbili ili rekodi itoke vizuri ni kumkosesha onyesho.

*Ni mazoezi ya kwaya au bendi, mnataka kusikia makosa.* Rekoda tena. Huwashwa kwa sekunde chache, na kilicho katikati kinabaki katikati hata mkiicheza kwenye spika moja ndogo.

*Muziki umezunguka watu: waimbaji wako kila pembe, au ngoma inapita katikati ya umati.* Maiki za masikioni. Rekoda na stendi vitaulazimisha muziki huo wote uwe mbele. Waandikie wasikilizaji kwenye maelezo kwamba wavae hedifoni.

*Ni muziki wa besi nzito kwenye ukumbi mdogo.* Rekoda au stendi ni salama zaidi. Ukisisitiza masikioni, usitoke nyumbani bila kijisanduku cha volti 9, betri mpya, na vizibo vya masikio.

*Una rekoda tayari na hujaamua kama uongeze maiki za masikioni.* Tazama kwanza kama ina tundu la maiki la stereo linalotoa umeme. Ikiwa nalo, gharama inayobaki ni ya maiki zenyewe, na utakuwa na njia mbili kwenye mfuko mmoja. Ikiwa haina, hesabu bei ya kijisanduku cha betri pamoja na maiki kabla ya kusema ni rahisi.